Ukitaka Kutafiti Maisha ya Mtaa, Omba Uteo Kwanza

Wanafunzi wanaokuja kutafiti Mombasa huniuliza swali moja kabla hata hawajamaliza chai: nimhoji nani? Nami huwajibu: mwezi wa kwanza, usimhoji mtu. Hawalipendi jibu hilo. Wamekuja na karatasi ya maswali arubaini, msimamizi chuoni anataka kuiona imejaa, na pesa za chumba zinakwisha. Nayajua hayo yote, na jibu langu ni lilelile.

Mimi ni msaidizi wa utafiti. Nimezaliwa Kibokoni, nikaolewa Kuze, yote mitaa ya Mji wa Kale, na tangu mwanangu wa mwisho aanze shule nimekuwa nikiwaongoza watafiti mitaani. Nawapeleka majumbani, nawafasiria, nasikiliza sauti walizorekodi na kuziandika. Wengine wametoka Ulaya na Marekani, wengine ni vijana wetu wa vyuo vya hapa nchini, na siku hizi hawa wetu ndio wengi, jambo linalonifurahisha. Nimeona nani huondoka na daftari lililojaa mambo na nani huondoka na majibu ya adabu. Watu wa huku wana adabu nyingi. Mgeni akiuliza ndoa za hapa zikoje, ataelezwa zinavyotakiwa ziwe, na sharubati atamiminiwa. Zilivyo hasa husemwa wakati mikono ina kazi na watu wamesahau kwamba pale kuna mgeni.

Basi mwongozo huu ni wa namna ya kusahaulika.

Mahali, saa, kazi

Usije na mada ya "utamaduni wa Waswahili". Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa: Waswahili, Wamijikenda, Wakamba, Wajaluo, Wahindi, Waarabu na wengineo, na hakuna hata mmoja awezaye kuwasemea wote. Hata Waswahili wenyewe, hebu mwambie mzee wa Thelatha Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana, kwamba yeye na watu wa Tisa Taifa, kundi la pili la Waswahili wa Mombasa, ni wamoja tu, kisha ukae kitako usikilize utakavyosomeshwa.

Chagua mahali padogo. Baraza moja. Steji moja ya tuktuk. Kivuko cha Likoni upande mmoja tu, wanakopita watu wa miguu wasiolipa nauli, na namna wanavyojipanga kabla lango halijafunguliwa. Au Mama Ngina, kando ya bahari, Jumapili jioni, familia zikitandika leso na kula krispi za muhogo zenye ndimu na pilipili. Kijana wa Mikindani hana haja ya kujifanya wa Mji wa Kale. Penye watu wanaokutana kila siku pana utafiti.

Kisha chagua saa. Mji huu huenda kwa adhana hata kwa asiyeswali. Ziara za wanawake huanza baada ya Alasiri. Baraza hujaa kuanzia hapo mpaka Magharibi, na zikajaa tena baada ya Isha. Ukienda Kuze saa nne asubuhi utaandika kwamba watu hawazungumzi. Na ukiwa na wiki sita tu, angalia kalenda: Ramadhani ikiangukia humo, usiku huwa mchana, na mazoea yote uliyosoma yanageuka. Ama uifanye Ramadhani ndiyo mada, ama usubiri Idi ipite.

La tatu ni kazi ya mikono, na hili ndilo wengi hulidharau. Mtu aliyekaa bure akitazama watu huitwa mpelelezi. Mji huu umeona vijana wakichukuliwa usiku wasirudi, kwa hiyo anayeuliza nani anaishi wapi hatazamwi kwa jicho jema, hata awe na barua ya chuo. Mwanafunzi mmoja niliyemwongoza alimenya viazi vya yule mama wa viazi karai kila alasiri. Mwengine alishikiza shanga kwenye mabuibui kwa fundi. Hao hawakuuliza maswali mengi, na walipata mambo ambayo sijawahi kuona karatasi ya maswali ikiyapata. Kama hujui kazi yoyote, beba. Mkono wa kubeba haukosi mahali.

Karatasi

Hapa nitapita haraka. Unahitaji barua ya bodi ya maadili ya chuo chako, kisha kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, ambacho huombwa mtandaoni, na Mkenya pia hukihitaji. Ukikipata peleka nakala kwa ofisi ya kamishna wa kaunti, kisha ukajitambulishe kwa chifu na kwa mzee wa mtaa. Tembea na nakala mkobani.

Ila fomu ya ridhaa inataka akili. Bibi wa miaka sabini ukimwekea karatasi atie sahihi, atakumbuka kila karatasi iliyowahi kumletea balaa, hasa za ardhi. Eleza katika pendekezo lako kwamba utaomba ridhaa ya mdomo, na sababu yake. Bodi huweza kukubali. Na ridhaa haiombwi mara moja ikaisha. Mtu aliyekubali barazani huenda hakukubali uandike alilosema mkewe akimpigia simu.

"Wewe ni mtoto wa nani?"

Swali hili utaulizwa kabla ya jina lako. Usilikwepe. Tayarisha jibu la kweli, fupi, lenye mahali pa kushika: mama au baba, mtaa, na mtu mmoja ambaye anayekuuliza huenda anamjua. Ukitoka mbali, sema unatoka wapi na unalala kwa nani. Mwenye nyumba unayolala ndiye mzazi wako kwa muda, na ukifanya la ajabu atakayeambiwa ni yeye. Ndiyo maana nakataza watu kupanga chumba kwa dalali wa kwanza aliyewapokea. Tafuta nyumba yenye mama mtu mzima anayejulikana mtaani, hata kama choo kiko nje.

Ukishajibu, tega sikio usikie swali linalofuata, maana hapo ndipo utafiti unapoanza. Mmoja atauliza msikiti wenu ni upi. Mwengine madrasa uliyosoma. Mwengine kabila, mwengine shule, mwengine "huyo babako ndiye aliyekuwa bandarini?" Kila mtu ana njia yake ya kukuweka mahali pako. Andika mfuatano wa maswali hayo na nani aliuliza. Kuna mwanafunzi aliyekusanya maswali hayo tu, kutoka kwa fundi cherehani mpaka kwa shangazi wa bi harusi, akaandika sura nzima juu ya namna watu wa mji huu wanavyojuana, na ilikuwa sura nzuri kuliko zote katika kazi yake.

Salamu usizikate. Mtu wa rika la babako ni Ami au Mjomba, mama mtu mzima ni Bi na jina lake, mwalimu wa dini ni Maalim. Toa shikamoo, au sabalkheri na masalkheri kwa wazee wa kale, kisha ngoja. Hali yake, watoto, mguu unaomuuma, mwanawe aliyeko Oman, maji ya mfereji yaliyokatika. Vijana husubiri salamu ziishe ndipo wafungue daftari, na nusu ya habari imeshapita.

Unayetafiti kwenu una shida nyengine. Jomo Kenyatta alisoma anthropolojia London kwa Bronislaw Malinowski, na mwaka 1938 akachapisha kitabu juu ya Wakikuyu wenzake. Malinowski mwenyewe alijipatia jina kwa kukaa katika visiwa vya Trobriand wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mbali sana na kwao Poland. Mgeni kama yeye hustaajabia kila kitu, na mwenyeji hastaajabii chochote. Dawa ya mwenyeji ninayoijua ni kumwalika rafiki asiyejua pwani, tuseme wa Kisumu, ashinde nawe mtaani. Andika kila anachokuuliza. Kwa nini nyumba hii unabisha hodi na ile unaingia tu? Kwa nini umevua viatu hapa na si pale? Kwa nini yule mama umempita bila kumsalimu? Utagundua majibu mengine huna.

Barazani

Baraza za Mji wa Kale ni viti vya mawe vilivyoshikana na ukuta wa nyumba. Mpita njia ndiye anayetoa salamu, waliokaa wakaitikia. Usiketi mpaka uambiwe karibu, na ukiambiwa, keti upande wa nje, mbali na mlango. Muuza kahawa atapita na dele lake, birika la kahawa, juu ya makaa, akigonganisha vikombe. Kunywa, hata kama kahawa tungu huipendi. Ukikataa kikombe cha kwanza umekataa na mazungumzo. Baada ya siku kadhaa jaribu kulipa. Tazama kama wakubwa watakuachia ulipe au watakurudishia pesa zako, na nani ndiye atakayeamua.

Sasa daftari. Nimeletewa kurasa nyingi za namna hii: "Wazee watano walikunywa kahawa na kuzungumza siasa. Kulikuwa na umoja." Hii tupa. Umoja huo uliuona wapi? Afadhali iandikwe hivi:

"Saa kumi na moja kasorobo. Watano wamekaa, wa sita kasimama na baiskeli. Muuza kahawa alimpa kwanza mwenye kofia nyeupe, hakuulizwa na mtu. Wa baiskeli alipewa mwisho, akanywa wima. Mwenye kofia akatoa noti: 'Wote hao.' Wa baiskeli akarudisha kikombe, akamtia muuza kahawa sarafu zake mkononi, kimya. Alipokwenda, mmoja akasema: 'Huyu bado.' Wawili wakacheka. Mwenye kofia hakucheka."

Bado nini? Ulimi utakuwasha. Usiulize. Huenda ni deni, huenda ni posa iliyokataliwa, huenda ni kura. Likiwa ni jambo la maana litarudi, siku nyengine, kwa mdomo mwengine. Na ukitaka kuharakisha kidogo, mtu wa kukaa naye ni muuza kahawa. Yeye hupita baraza zote, na hakuna anayeshusha sauti kwa sababu yake.

Kwenye mchele wa harusi

Wavulana, hapa tafuteni mwenzenu wa kike mfanye utafiti wawili. Sehemu kubwa ya maisha ya mji huu iko ndani, na anayeijua ni anayeingia. Sarah Mirza na Margaret Strobel walipotaka kuyajua waliwakalisha wanawake watatu wa Mombasa, Bi Kaje, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhashamy, wakarekodi simulizi za maisha yao, na kitabu, Three Swahili Women, kikatoka mwaka 1989. Kisome kabla hujaja. Uone jinsi mtu anavyosimulia akiachwa asimulie.

Biriani ya harusi mara nyingi hupikwa na wapishi wanaume, nje, kwa kuni. Mchele wake lakini huchaguliwa na wanawake siku zilizotangulia, na hapo ndipo nakutaka. Piga hodi, vua viatu, anza salamu kwa mkubwa kuliko wote kisha uzunguke, asibaki mtu. Halafu sema: "Nipeni uteo," yaani ungo wa kuchagulia mchele. Watakataa. Wewe mgeni, kaa, kunywa maji. Omba tena. Ukipewa, umepata mahali katika duara.

Tandaza mchele kidogo, sukuma mawe na chuya ukingoni kwa kidole, macho chini. Polepole, maana ukiacha jiwe utalisikia mwaka mzima. Macho kuwa chini ndiko kunakomfungua mwenzio. Hakuna atakayezungumza na wewe. Watazungumza juu ya kichwa chako. Mahari ilikuwa ngapi na ngapi ilitangazwa. Nani hakualikwa, na nani atakuja hata hivyo. Chama cha mwezi huu zamu ni ya nani, na nani ameomba apewe mbele kwa sababu ya harusi hii. Deni la dukani. Somo wa bi harusi ni nani na kwa nini si yule wa mwanzo.

Tazama leso pia. Zinauzwa jozi jozi kule Biashara Street, kila moja na jina lake, yaani maneno yaliyochapwa juu yake, na leso inayovaliwa siku kama hiyo mara nyingi ina mtu wake mle chumbani. Andika jina kama lilivyo, nani kaivaa, na nani kaketi kumkabili. Wiki inayofuata, mkiwa wawili, mwambie mwenyewe leso yake ilikuwa nzuri. Atacheka, atasema ni leso tu. Nyamaza. Mimina chai. Sijaona mwanamke aliyeishia hapo.

Usiku wa kupamba, sherehe ya wanawake ya kumpamba bi harusi, simu huchukuliwa mlangoni au kamera hubandikwa karatasi, na ni haki yao, kwa sababu mle ndani wanawake wako bila buibui. Usijaribu ujanja wowote. Kabla hujaingia amua mambo matatu tu utakayoyashika kichwani: nani kaketi safu ya mbele, nani anamtuza nani, nani anaondoka mapema. Ukitaka kushika yote hutashika lolote.

Msiba je? Acha daftari nyumbani uende. Wanaume wakazike, wanawake wakae na wafiwa, upeleke ubani kwa kadiri yako. Ulichokiona huko, kama kina lazima katika kazi yako, utakuja kukiombea ruhusa baada ya hitma, wakati nyumba imetulia.

Usiku uleule

Andika kabla hujalala. Saa moja ya mtaani hula saa mbili za kuandika, wakati mwengine zaidi, na ukiahirisha hadi kesho utaandika unachodhani. Usijirekodi sauti ndani ya tuktuk ukirudi. Dereva ni binamu ya mtu.

Ninachowataka wote wafanye ni kutenga mambo matatu: nilichokiona, nilichoambiwa, ninachofikiri. Kurasa tofauti au rangi tofauti, vyovyote. Nimewahi kusoma daftari la mtu aliyechanganya, na baada ya miezi hakuweza kujua kama "Bi fulani ana wivu" aliambiwa, aliona, au alikuwa amechoka siku hiyo. Maneno ya watu yaandike walivyosema. Aliyesema "ndoo" kwa Kimvita, lahaja ya huku, usimsahihishie ukaandika "njoo".

Mwezi umekwisha, sasa uliza. Lakini ile karatasi ya maswali arubaini utakuta nusu imeshajibika na nusu nyengine haina maana hapa. Maswali mazuri ni madogo, ya jambo lililotokea. Mara ya mwisho ulipoishiwa sukari uliazima kwa nani? Yeye akiishiwa huja kwako? Juzi uliposusa kwenda kwa fulani, nani alikuja kukusuluhisha? "Kwa nini" ipunguze. Mtu akiulizwa kwa nini huhisi yuko mbele ya kadhi, na ataleta sababu nzuri kuliko ile ya kweli.

Majina na vitu vya watu

Kubadilisha jina hakutoshi. Ukiandika habari za "Aisha", muuza mabuyu wa Mlango wa Papa mwenye watoto sita na mume baharini, atajulikana kabla ya Magharibi. Badilisha biashara, sogeza mtaa, punguza watoto, au changanya watu wawili wawe mmoja, kisha useme wazi katika utangulizi kwamba umefanya hivyo. Kenya ina sheria ya kulinda data za watu tangu 2019, na hata bila sheria, sauti ya mama wa watu haikai katika kundi la WhatsApp la wanafunzi wenzio. Funga simu kwa nambari ya siri. Futa usichokihitaji.

Na vitu vya watu usivitoe nje ya nyumba. Mtafiti mmoja aliazima picha za harusi za familia moja, za miaka ya sitini, akanakili. Hazijarudi mpaka leo. Mimi ndiye niliyemtambulisha pale, na nikifika na mgeni mwengine naulizwa picha kabla ya salamu. Siku hizi kila simu ina kamera: weka picha mezani, ipige hapohapo, mwenyewe akikuona, umrudishie mkononi.

Pesa? Wengi huniuliza. Usilipe maneno, ukilipa maneno utauziwa maneno. Lakini usiende mikono mitupu. Sukari kilo moja, majani ya chai, maziwa, na mgonjwa akiwapo matunda. Mtu aliyekupa siku nzima ya kazi, kama mimi, huyo mlipe kazi yake, mpatane mwanzo, na jina lake uliandike kwenye shukrani kama analitaka.

Kurudisha

Kabla ya kuwasilisha chuoni, andika kurasa chache za Kiswahili, bila maneno ya kitaalamu, uzichapishe kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho ya wazee, uende ukazisome mahali palepale ulipokaa, saa ileile. Barazani watakukatiza kila mstari. Mmoja atasema umesema uongo, mwengine atamwambia ni kweli wewe ndiye hutaki isemwe, na wewe andika ugomvi huo kwa sababu ni bora kuliko sura yako ya nne. Kwa wanawake soma ndani, milango imefungwa, na uwaulize moja kwa moja nini kitoke. Watakachosema kitoke, kitoe. Hili linataka muda, kwa hiyo lifanye mwezi mzima kabla ya tarehe ya kuwasilisha, maana nimeona wanafunzi wakija kusoma jioni ya mwisho, wanaambiwa ukurasa wa tisa hauwezi kubaki, na basi lao la Nairobi linaondoka saa mbili usiku.